Maji ya Moto na Maji ya Chokaa

Jumanne, tarehe 11 Aprili 2000. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapiga mabati mpaka saa mbili, kisha ikakatika ghafla. Jua kali likatoka na barabara zote za mtaa wetu wa Jabe zikaanza kutoa mvuke.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye daftari langu siku ile. Naanza nayo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo nina hakika haina kosa. Mengine yote yanatoka kwenye sikio langu na kumbukumbu yangu, na sikio langu, kama utakavyoona, liliwahi kuwaponza watoto watano.

Nilitoka nyumbani na vitu viwili: radio-kaseti yetu, imefungwa ndani ya kitenge, na chupa ya maji ya chokaa. Binti yangu alitembea mbele amevaa sare ya shule, hasemi neno. Mkobani nilikuwa na barua ya direkta, mkuu wa shule yake. Ilisema kwamba binti yangu na wenzake wanne walinakiliana mtihani wa kemia, kwa hiyo wote watano wamepata sifuri, na mwenye sifuri ya kemia hawezi kuendelea na seksheni ya sayansi. Hilo la mwisho ndilo lililomnyamazisha. Tangu akiwa mdogo alikuwa akisema atafanya kazi ya kutengeneza dawa. Si kuuza, kutengeneza. Ndugu walipokuja nyumbani aliwasahihisha.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana sipendi mtu anisome akidhani nina elimu. Niliishia darasa la sita. Nilikuwa nauza chokaa sokoni Jabe. Nilinunua mawe ya chokaa yaliyokwisha kuchomwa kwenye ghala moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, nikayaweka kwenye pipa nyuma ya nyumba na kuyamwagia maji. Chokaa ikikutana na maji, maji yanachemka yenyewe bila moto, yanapiga kelele kama kitu kinachokasirika. Kesho yake inakuwa uji mweupe, unauzwa kwa kopo. Miaka ile ya vita wateja wangu wakubwa walikuwa wa namna mbili: wenye nyumba zilizoungua na wenye makaburi.

Shule ya binti yangu ilikuwa upande wa kusini, kupita mtaa wa Musaga. Mwezi wa pili barabara ya kusini ikawa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka lisilo na mwenyewe. Leo basi zinapita, kesho askari wamesimama katikati, kwenye milima kunapigwa risasi. Watoto waliokaa Musaga waliendelea kuingia darasani. Watoto wa mjini walibaki nyumbani. Mwalimu wao wa kemia, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye watoto walimwita Madamu, hakukubali hivyo. Alianza kuweka radio-kaseti juu ya meza yake darasani na kunasa somo zima, na barabara ilipofunguliwa kondakta wa basi alituletea kaseti imefungwa kwenye karatasi.

Kaseti ilikuwa moja tu kwa watoto wote wa mjini. Sisi tuliipata kwa mchana mmoja, jioni iende mtaa mwingine. Wasichana watano wa Jabe, binti yangu akiwa mmoja wao, waliisikilizia kwetu, kwa sababu sisi tulikuwa na radio. Umeme ulikuwa wa bahati, kwa hiyo radio ilikula mawe, yaani betri, na mawe yalikuwa ghali tangu mipaka ilipofungwa. Tukaweka sheria: kurudisha kaseti nyuma ni kwa hesabu tu. Maneno, ukiyakosa umeyakosa.

Na mwandishi nilikuwa mimi. Niliwaambia watoto wasikilize tu na kufanya hesabu, mimi nitaandika maneno ya Madamu, na baadaye wao wanakili kutoka daftari langu. Nilisema ni kwa sababu mkono wangu una mbio, na ni kweli, nimeandika daftari la kila siku tangu nikiwa mwari. Lakini sababu nyingine niliificha. Nilitaka na mimi niwe darasani. Miaka ishirini na zaidi baada ya kutolewa shule, nilikaa kwenye mkeka na kalamu, mwalimu akisema nami naandika, na nilijisikia mtu. Kifaransa changu kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusoma, lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Siku hiyo ya kosa, Madamu alikuwa akifundisha juu ya gesi tunayoitoa tukipumua. Alisema ukitaka kujua kama ipo, ipulize ndani ya maji fulani, nayo maji yatageuka meupe kama maziwa. Alitaja jina la maji hayo. Kwenye kaseti kulikuwa na mtoto anakohoa, na nje kwetu pikipiki ilikuwa inapita. Nikasikia *eau chaude*, maji ya moto. Nikaandika *eau chaude*.

Binti yangu alisoma juu ya bega langu. "Mama, maji ya moto yanakuwaka aje meupe?"

"Madamu amesema."

"Lakini mi naona kila siku maji ya moto..."

"We ni Madamu? Andika."

Mmoja wa wale wasichana, mcheshi wao, akasema, "Pengine maji ya moto ya Musaga si kama ya huku Jabe." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Binti yangu hakucheka. Alichemsha maji, akayamimina kwenye glasi, akatoa mrija wa kalamu na kupuliza. Akaunguza mdomo. Maji yakabaki vilevile. Wakapuliza wote watano kwa zamu, mmoja akimwambia mwenzake apulize kwa nguvu, mpaka glasi ikawa na mate mengi kuliko gesi.

"Haijageuka," binti yangu akasema.

"Pengine inataka gesi ya shule," nikamjibu.

Ndivyo nilivyomjibu, mimi mwenye pipa la chokaa hatua nne kutoka pale tulipokaa.

Mwisho wa mwezi wa tatu barabara ikatulia, ikawa inafungwa jioni tu, na watoto wote wakafanya mtihani pamoja. Nitasema matokeo kama nilivyoyaona kwenye ubao wa matangazo wa shule, bila kuvuta upande wangu. Swali kwa swali, kwenye hesabu za kemia wasichana wetu wa kaseti walifanya vizuri kuliko wengi wa darasani, na najua sababu: hesabu ndizo tulizorudisha nyuma, mara tatu, mara nne, na Madamu wa kwenye kaseti hachoki. Kwenye maswali ya rangi, harufu na nini kinatokea ukichanganya hiki na kile, watoto wa darasani walitupita mbali. Lakini alama ya juu kuliko zote ilikuwa ya kijana wa darasani, na ya chini kuliko zote pia. Tena wale wa darasani walisoma wakisikia milio mlimani, madirisha yakitetemeka. Sisi tulisoma tukisikia pikipiki. Kwa hiyo sijui kama ni haki kuwapima pamoja. Lakini walipimwa.

Na kwenye swali la gesi, wasichana watano wa Jabe waliandika maji ya moto. Neno kwa neno, hata makosa ya herufi ni yaleyale. Baada ya siku chache ikaja barua, na pale ubaoni alama zao zote zikapigwa mstari, pembeni ikaandikwa sifuri.

Baba watoto, fundi wa magari, aliisoma barua akaiweka chini. "Mama watoto, tuiache. Direkta akisema sifuri ni sifuri. Tutamutia kwenye ushonaji."

"Apana."

"Utamwambia nini? Kwamba hawakunakiliana? Iko sawasawa yote."

"Apana, nimesema."

Kwa haki yake, ni yeye aliyeleta mawe mapya ya radio kesho yake. Niliazima ile kaseti, nikaipeleka mpaka pale penye maji, nikasikiliza. Nikarudisha. Nikasikiliza tena. O, *de*, sho. Katikati kulikuwa na kidude kidogo, *de*, kimekaa kimya kama mtu aliyechelewa mkutanoni. *Eau de chaux*. Maji ya chokaa.

Nilisikiliza nikiwa nimesimama, nikakaa. Kaseti haikuwa na ubaya. Madamu alikuwa amesema sawasawa. Nilifikiria, na ninaandika hili kwa sababu ni kweli, kwamba naweza kusema kaseti ilikwaruza. Nani angejua? Nilifikiria hivyo kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikatoka nyuma nikasimama mbele ya pipa. Juu ya maji kulikuwa na ile ngozi nyeupe nyembamba inayojitengeneza kila usiku, ambayo kila asubuhi naivunja na kijiti kwa sababu wateja hawaipendi. Nikaivunja, nikachota maji safi ya chini yake, nikatia chupani.

Direkta hakutukaribisha tukae. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri kuliko wakati wenyewe ulivyoruhusu, na hilo pia nililiheshimu.

"Mama, barua iko wazi."

"Iko wazi, Bwana Direkta. Lakini si kweli."

"Watoto watano, kosa moja, neno kwa neno. Hiyo kwenu Jabe munaiita nini?"

"Kwetu Jabe tunaiita daftari moja."

Nikamwekea daftari mezani, limefunguliwa pale. Akasoma. Akageuza kurasa mbili mbele, mbili nyuma.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"We umesoma mpaka wapi?"

"La sita."

Akacheka, si kwa ubaya sana, akaitaja kemia kwa Kifaransa. "Kumbe profesa wa shimi ni mama wa la sita."

"Ndiyo ni mimi. Basi sifuri mupe profesa. Watoto muwarudishie alama zao."

Akaacha kucheka. Akasema mambo ya mtihani yamekwisha, na kwamba kila mzazi akianza kuja na radio yake hii itakuwa soko si shule. Nikamwambia soko nalijua, na sokoni mtu akishitakiwa wizi kwanza anafunguliwa mkoba. Binti yangu alinivuta kitenge nyuma. Sikugeuka.

Akamwita Madamu. Nikafungua kaseti. Sauti ndogo ya Madamu ikajaa ofisini, na mtoto yule akakohoa.

"*Eau de chaux*," Direkta akasema. "Mi nasikia wazi kabisa."

"Unasikia kwa sababu ulishajua," Madamu akasema. Alikuwa amekunja uso. "Darasani nililiandika ubaoni. Kwenye kaseti ubao hauonekani. Nilipaswa nitaje herufi."

"Apana, Madamu," nikasema, "wewe hukukosea. Ni sikio langu. Na mutoto aliniuliza, nikamunyamazisha."

"Mama, kosa langu."

"Madamu, ni langu."

"Munagombania kosa kama mukate!" Direkta akasema. "Sawa. Tuseme waliandika walichosoma. Lakini hiyo inaonyesha tu kwamba hawajui. Seksheni ya sayansi si ya kuandika kilichoandikwa."

Hapo alikuwa na haki. Madamu ndiye aliyeona chupa mkononi mwangu. Akaichukua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akamwaga kidogo ndani ya glasi ya Direkta mwenyewe, akampa binti yangu mrija wa kalamu.

"Puliza."

Alipuliza polepole, akiogopa kuungua tena. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili pakatokea kama moshi ndani ya maji, kisha maji yote yakawa maziwa. Binti yangu alitoa mrija mdomoni akaangalia glasi, akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote, na sitaki kusema ilikuwa ni furaha tu. Kulikuwa na hasira humo, na ilikuwa yangu kuipokea.

"Maji safi hivi umeyatoa wapi?" Madamu akaniuliza. "Ya shule yamekwisha tangu mwaka jana. Darasani niliwachorea tu."

"Kwenye pipa langu. Chini ya ngozi."

"Ngozi gani?"

Nikamweleza ile ngozi nyeupe ya kila asubuhi, na kijiti. Madamu akamgeukia binti yangu, si mimi. "Hiyo ngozi inatoka wapi?"

Direkta akasema, "Madamu, hilo halimo kwenye programu."

"Halimo. Mwache ajibu."

Binti yangu alitazama chini. Niliyajua macho yale: alikuwa anatafuta daftari langu kichwani mwake, na kwenye daftari langu jibu hilo halikuwepo. Nilitaka kumsaidia, na sikuwa na cha kumsaidia. Miaka kumi na mitano nilivunja ile ngozi bila kuuliza ni nini.

"Hakuna mutu anayepuliza ndani ya pipa," akasema taratibu, kama anaongea peke yake. "Lakini... tunalala pale karibu, dirisha linatazama pipa. Na mbuzi wa jirani. Na moto wa jikoni. Hewa yote iko na hiyo gesi, hata kama kidogo." Akainua uso. "Madamu, pipa linapulizwa usiku kucha. Polepole tu. Ndiyo maana inageuka juu, chini bado safi."

Madamu alimtazama Direkta.

Direkta alichukua kalamu. Alisema wale wanne watakuja kesho wapulize na waulizwe vilevile, na wakijibu, wote watano watarudishiwa alama zao isipokuwa za swali la gesi, maana maji ya moto ni maji ya moto. Nikasema hilo ni haki. Binti yangu angebaki na kumi na moja juu ya ishirini. Si nyingi. Zinatosha kubaki sayansi.

"Basi mama, kwenda salama," akasema.

"Na barua?"

"Barua gani tena? Alama tumerudisha."

"Hii inasema mutoto wangu amenakili. Nataka ingine, inayosema hakunakili."

"Katibu amekwisha kwenda. Na muhuri wa shule hauchezewi."

"Ulichezewa kwenye hii."

Nilifikiri nimeharibu kila kitu. Hata leo sijui kama nilistahili kusema vile kwa mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa amenisikiliza. Lakini nilikwisha sema, kwa hiyo nikatoka, nikakaa kwenye benchi la koridoni, radio magotini. Binti yangu akakaa kando yangu.

"Mama, saa tisa. Barabara itafungwa."

"Ifungwe."

"Tutalala wapi?"

"Hapa. Benchi ni refu."

Akaanza kucheka kidogokidogo, mdomo umefumbwa, na mimi nikashikwa, mpaka tukawa tunatikisika wote wawili kwenye benchi lile kama tuko kwenye barabara ya mawe. Mlango wa Direkta ulikuwa wazi. Alitusikia. Haikupita nusu saa akatoka na karatasi tano, moja kwa kila msichana, ameziandika mwenyewe kwa mkono, wino haujakauka, muhuri umepigwa. Zile nne, akasema, Madamu atazitoa kesho. Ile yetu alimpa binti yangu, hakunipa mimi.

"Mwambie mama yako," akasema, nami nimekaa palepale, "siku nyingine aandike polepole."

"Nitamwambia, Bwana Direkta," akajibu, bila kutabasamu hata kidogo.

Tulipata basi la mwisho. Kesho yake wale wanne walipuliza kwenye maji ya chupa ileile, na yule mcheshi, nimesikia, alimwambia Madamu kwamba haya ndiyo maji ya Jabe, ya Musaga yalikuwa ya uongo. Wote wakarudishiwa.

Lakini hiyo ni ya kesho yake. Siku ile tulifika nyumbani jua likiwa bado juu ya ziwa, magharibi ya mji. Baba watoto alisoma barua kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Kurani yake ambapo huweka karatasi za maana. Binti yangu akatoka nyuma, na niliporudi kutoka kuosha miguu nikamkuta ameinama juu ya pipa anapuliza kwenye maji kwa mdomo mtupu, peke yake. Sikumwambia aache. Jikoni nikateleka sufuria ya maji. Aliponisikia akaniita kutoka nje, "Mama, hiyo ni *eau* ya namna gani?" na nikamwambia hii ni ya ugali, afunge mdomo.

Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga, na mboga ya lengalenga kidogo. Ndagala ziliungua upande mmoja, kwa sababu nilikuwa naisoma barua tena.